Mashine ya mayai na umeme wa kukatika: ninunue jenereta gani? (Niko Pemba)

MfugajiKonde (mwenye uzi)

Assalamu alaykum wanajamvi.

Niko Konde, nafuga kuku wa kienyeji na kanga wachache. Mwaka huu nimejitutumua nikanunua mashine ya kutotolea ya mayai 176. Kibati cha nyuma kinasema wati 180. Mkupuo wa kwanza nikapata vifaranga 121, nikajiona nshakuwa tajiri.

Mkupuo wa pili ndio ulionitia adabu. Usiku wa siku ya 18, saa mbili na nusu, umeme ukakatika, haukurudi mpaka saa tatu asubuhi. Sikulala. Nimeifunika mashine mablanketi mawili, vitundu vya pembeni nikaviziba kwa matambara ili joto lisitoke, na kila robo saa nafungua natizama. Ilipofika saa sita nikaona bora nitie kandili ndani, chini ya trei.

Nilikuwa na mayai 150 niliyoyamulika nikayaona hai. Wametoka vifaranga 19. Yaliyobaki nimeyavunja moja moja kwenye beseni: kifaranga mzima, manyoya tayari, mdomo umeshaelekea kwenye mfuko wa hewa, amekufa. La pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo. Mke wangu alianza kunisaidia, akaondoka.

Sasa nataka jenereta. Muuza duka mmoja kaniambia nisichukue chini ya KVA 3.5. Mzigo wangu ni hiyo mashine, na boksi la kulelea vifaranga lenye balbu mbili za wati 100. Petroli au dizeli? Msinicheke, umeme siujui.


Mpemba_Mjini

Pole sana mjomba. Chukua dizeli. Petroli ni za kukodi harusini.


FundiMwera

Mpemba, dizeli ya nini kwa mayai? Injini ya dizeli ukiipa mzigo mdogo haipati moto wa kutosha, mafuta hayaungui yote, bomba la moshi linajaa masizi na oili. Ile inataka ibebeshwe.

Mwenye uzi, tuanze na hesabu maana hapa ndipo watu wanapolizwa. KVA, hicho kipimo cha ukubwa wa jenereta, si kilowati. Zidisha kwa 0.8 upate unachoweza kukitumia kweli. KVA 3.5 ni kilowati 2.8, yaani wati 2,800. Mzigo wako wote, 180 na balbu 200, ni wati 380. Na hita na balbu hazina mshindo wa kuanza. Wenye mshindo ni friji na pampu: friji ya wati 150, pale inapostuka kuwaka, inaweza kutaka mara nne au tano ya hapo kwa muda wa kupepesa jicho. Kama friji huigusi, huyo muuza duka kakukodisha lori ubebe kikapu cha ndizi.

Na lori linakunywa hata likiwa tupu. Yangu ya KVA 2.5 nimeipima mwenyewe kwa chupa: na taa chache tu inamaliza robo tatu ya lita kwa saa. Usiku kama ule wako, saa 12, ni lita tisa. Kwa mayai!

Zile ndogo zinazoitwa 950, za kuchanganya oili kwenye petroli, zinatoa wati 650 kwa kuendelea, kwa hiyo mzigo wako zinauweza. Mimi sizipendi kwa kazi ya usiku kucha. Zina moshi, zina kelele, na mchanganyiko ni mililita 20 za oili kwa lita moja. Mtu yuko gizani na tochi mdomoni atakosea tu. Oili kidogo injini inakwama, oili nyingi plagi inaziba.

Ningekuwa mimi: petroli, injini yenye oili yake mbali, KVA 1 mpaka 2, waya wa ndani wa shaba. Wauzaji wote watakwambia shaba. Zipo za alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Zinyanyue mbili za ukubwa mmoja, ya shaba ndiyo nzito.


Kusi_na_Kaskazi

Sisi wa Unguja tuulize kuhusu jenereta. Kebo ya kutoka bara ilipoharibika, tulikaa bila umeme kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Na 2008 tulishaonjeshwa karibu mwezi. Nyie wenzetu mlikuwa na mashine zenu za dizeli pale Wesha, kebo yenu ya kutoka Tanga imekuja 2010. Mjini kwetu kila mlango wa duka una jenereta nje, watu wanaongea kwa kupiga kelele hata umeme uliporudi.

Nilichojifunza: wiki ya kwanza jenereta zote nzuri. Mwezi wa pili ndio unajua nani kanunua mashine na nani kanunua bati. Kabla ya kutoa pesa nenda kwa fundi wa vyombo vya moto hapo hapo Konde au Wete, muulize: kabureta ya hii unayo? Plagi? Kamba ya kuvutia? Akikwambia "tutaagiza", waachie wenyewe.

Jengine, petroli usiiwache ndani ya tangi miezi. Inaganda utando kwenye kabureta, siku unayoihitaji utavuta kamba mpaka bega likutoke. Funga koki, iwache iwake mpaka ijizime yenyewe, lakini kwanza CHOMOA kila kitu. Pale inapokufa kwa kukosa mafuta umeme wake unapanda na kushuka, na hizi thamostati za namba, vidhibiti joto vya mashine, hazipendi.


BiKanga

Mwanangu wa Konde, kabla hujatoa pesa nijibu mambo matatu. Kipima joto kilisoma ngapi saa sita, na ngapi alfajiri? Kandili uliitoa lini? Na vitundu ulivizibua lini?


MfugajiKonde

Shikamoo bi mkubwa. Saa sita, kabla ya kandili, kilisoma 35 na kitu. Alfajiri nilipoinuka kusali nikakuta 41, nikamshukuru Mungu, nikasema joto limekamata. Kandili niliitoa umeme uliporudi. Vitundu… nilivisahau mpaka siku ya pili.


BiKanga

Marahaba. Basi jenereta haikuwa dawa ya maradhi yako. Baridi haikukuulia kitu usiku ule.

Yai la siku ya 18 si yai tena, ni kifaranga aliyekunjwa. Ana damu, anapumua, na anatoa joto lake mwenyewe. Mia na hamsini pamoja ndani ya boksi lenye sponji ni sawa na watu mia na hamsini ndani ya chumba kimoja cha uwani. Wewe umewafungia madirisha, umewafunika mablanketi, halafu ukawawashia kandili inayokula hewa ile ile wanayoitaka na kuwatemea moshi. Ile 35 ya saa sita walikuwa wanaiweza mpaka asubuhi, wangechelewa kutoka tu. Ile 41 ndiyo iliyowaua, na waliobaki wamekosa pumzi.

Mashine yenye feni inataka 37.5. Ikishuka mpaka 34 kwa saa kadhaa usipagawe. Ikipanda zaidi ya 39 na nusu, hapo pagawa. Watu wanaogopa upande mmoja tu.

Mtizame kuku mwenyewe. Kila siku anashuka kwenye viota akale, anywe, akaoge mchanga, mayai yanapoa, na anarudi kuyalalia. Hayawi viza kwa hilo.

Sasa fanya hivi. Umeme ukikatika katika wiki ya kwanza na ya pili, mayai hayana joto lao bado, yanapoa haraka. Hapo funika blanketi, vitundu wacha vidogo vidogo, na USIFUNGUE. Kila ukifungua unamwaga joto la saa nzima. Kuanzia siku ya 15 hivi na kuendelea, blanketi juu tu, vitundu wazi vyote, tizama kipima joto kwa kioo. Tia chupa za maji ndani ya mashine tangu siku ya kwanza, kwenye sehemu tupu. Zikishapata joto la mashine zinalishikilia umeme ukienda. Mashine iliyojaa inapoa polepole kuliko iliyo nusu, kwa hiyo ukiwa na mayai machache zijaze pengo chupa.

Na mayai yakipata baridi yatachelewa. Usiyatupe siku ya 21. Ngoja mpaka ya 23.


MfugajiKonde

Nimesoma, nimekaa kimya, nimesoma tena. Kumbe nimewaua kwa mikono yangu huku nawaombea dua.


BiKanga

Nani hajaua? Mie mwaka wangu wa kwanza niliwamwagia maji mayai ya kanga nikidhani unyevu ndio huo. Endelea na kazi.


FundiMwera

Bi Kanga, heshima yako. Lakini saa 12 na nusu kwa mayai ya siku ya tano blanketi peke yake halitoshi. Lazima pawe na kitu cha kuwasha.


BiKanga

Sijasema asinunue. Nimesema asinunue kwa hofu.


Shamba_na_Bahari

Samahani kwa kuingilia uzi wa kuku. Mtoto wa dada yangu yuko Uingereza, anafuga mjusi. Wallahi mjusi, yule mwenye ndevu wa Australia. Ana taa yake ya kuotea jua, jiwe lake linatakiwa lifike nyuzi 40, na kipindi cha baridi umeme ukikatika yeye ndiye wa kwanza kupiga simu. Anataka kununua jenereta aiweke kwenye roshani ya fleti. Nimwambie nini?


Mpemba_Mjini

Mwambie amlete Pemba. Huku tunawafukuza kwa fagio, bili ya umeme sifuri.


FundiMwera

😂 Lakini swali lake ni zuri. Mjusi ni kinyume cha yai la siku ya 18: hana joto lake hata chembe, anakuwa baridi kama chumba kilivyo. Mnyama mzima, mwenye afya, usiku mmoja wa ubaridi anauweza, atazubaa tu. Boksi dogo, chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo, boksi ndani ya blanketi lenye upenyo wa hewa. Asimlishe akiwa baridi, chakula hakisagiki, kinamuozea tumboni. Jenereta kwenye roshani ya fleti hapana, hapana, hapana. Moshi ule unaingia kwa jirani, na sumu iliyomo haina harufu. Akanunue betri kubwa ya kuchaji na kitambaa cha umeme cha kutia joto, cha wati kidogo.

Na hapo nimepata njia ya kurudi Konde. Mwenye uzi, umeshawahi kufikiria betri? Kesho fanya kazi moja: kaa mbele ya mashine na simu, pima sekunde ngapi taa ya hita inawaka na ngapi inazima. Mara kumi. Niletee.


Kusi_na_Kaskazi

Kuhusu moshi nami niseme langu, maana hili limenifika. Banda langu liko Kusini Unguja, jenereta niliiweka nyuma ya ukuta, hatua tatu kutoka dirishani. Kipindi cha kusi moshi unakwenda zake baharini, raha mustarehe. Kaskazi ilipoingia moshi ukageuka ukawa unaingia bandani. Niliingia alfajiri kutizama vifaranga, kichwa kikaanza kugonga, magoti yakalegea, nikatoka kwa kutambaa. Vifaranga wa boksi la karibu na dirisha wote wamelala ubavu. Nilidhani wamesinzia.

Harufu ya petroli utaisikia, lakini kinachoua hakina harufu. Iweke mbali, hatua kumi au zaidi, na uujue upepo wa msimu. Waya mrefu mnene ni rahisi kuliko sanda.


MfugajiKonde

Fundi, nimepima. Sikuenda shamba leo, mke wangu ananiona mwendawazimu. Kwa wastani, katika kila sekunde 100 hita inawaka 40 hivi, inazima 60. Feni inazunguka muda wote.


FundiMwera

Safi kabisa. Asilimia 40 ya wati 180 ni 72, jumlisha na feni tuseme 75. Kwa hiyo mashine yako haili 180, inakula 75. Usiku wenye kipupwe itakula zaidi kidogo, weka akilini.

Saa 12 na nusu mara 75 ni wati-saa 940 hivi.

Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ikiwa ni ya madini ya risasi, ukiishusha chini ya nusu unaifupishia umri, kwa hiyo una 600. Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo inapoteza, tuseme asilimia 15. Zinabaki 510. Gawa kwa 75: karibu saa saba. Betri mbili, saa 13 na ushee. Ya lithiamu ya ukubwa huo huo unaweza kuitumia mpaka asilimia 90, moja tu inakupa saa 12 na ushee. Bei yake ndiyo itakayokukalisha chini, lakini uzito na umri wake si wa kulinganisha.

Usiweke betri ya gari. Ile kazi yake ni kustua injini kwa sekunde tatu, ukiinyonya usiku kucha mara kadhaa inakufa. Na inveta iwe ya mawimbi laini, yanayofanana na ya umeme wa nyumbani. Za mawimbi ya ngazi ni rahisi ila feni inaunguruma na thamostati inaweza kuchanganyikiwa.

Uzuri wa betri: umeme ukikatika saa nane usiku inaingia yenyewe. Huamki. Jenereta inataka mtu wa kuamka.

Kwa hiyo ushauri wangu umebadilika. Betri ya risasi moja na inveta yenye chaja ndani, hiyo inabeba mashine ya mayai peke yake. Halafu jenereta ndogo ya KVA 1 kwa siku ambayo saa saba zimepita na giza bado. Ikiwaka inaendesha mashine na huku inajaza betri.

Balbu zako mbili zisiguse betri. Wati 200 zitaimaliza ndani ya saa tatu.


MfugajiKonde

Na vifaranga wa boksini?


BiKanga

Seredani, mwanangu. Makaa ya vifuu, yawake nje mpaka yasiwe na moshi wala ndimi, yafunike jivu, ndio uingize. Juu yake geuza chungu chenye matundu wasirukie motoni. Banda liwe na upenyo wa hewa juu, na hilo alilosema wa Unguja lishike: makaa yana sumu ile ile. Usiku wa kusi kali ndani ya banda lililozibwa plastiki, makaa usiyaingize, tumia madumu ya maji moto yaliyofungwa kanga kuukuu.

Wiki ya kwanza wanataka 32 mpaka 35, halafu punguza kama nyuzi tatu kila wiki. Ila kipima joto bora ni wao wenyewe. Wakirundikana wanaona baridi. Wakiukimbia moto wakatanua mbawa, umezidisha. Wakitawanyika wanadonoa, kalale.


Kusi_na_Kaskazi

La mwisho kutoka kwangu: jenereta usiichomeke kwenye soketi ya ukutani kama wanavyofanya wengi. Umeme unarudi nyuma kwenye waya za mtaani, transfoma inaupandisha, na kuna kijana juu ya nguzo anaamini waya umekufa. Chomeka mashine moja kwa moja kwa waya wake, au tia swichi ya kugeuzia. Na ukiinunua huku Unguja, mwaga petroli na oili kabla ya kupakia melini.


MfugajiKonde

Wiki ya sita. Narudi na habari, maana nyuzi nyingi mwenye uzi hupotea akishasaidiwa.

Nimenunua betri moja ya risasi na inveta. Jenereta nimepata ya KVA 1, laki tatu na kitu, nimezinyanyua mbili kama alivyosema Fundi mpaka muuza duka akaniuliza nanunua kwa kilo. Fundi wa Wete kabureta yake anayo kwenye rafu, nimeiona kwa macho.

Safari hii nimeweka mayai 160, siku ya 18 yaliyo hai 141. Usiku wa siku ya 19, saa nne, umeme ukakatika. Betri ikaingia, feni haikubadilisha hata sauti. Nikarudi kitandani. Saa kumi alfajiri inveta ikaanza kulia, betri imefika nusu. Nikatoka na jenereta uwani, upande ambao moshi unakwenda mihogoni, nikavuta kamba. Haikuwaka. Nikavuta mara kumi na nne, kumbe koki ya mafuta nimeifunga mwenyewe. Muda wote huo mashine iko gizani, vitundu wazi, mimi nje napambana. Nilipoingia na tochi kioo kinasoma 35.9. Mikono ilikuwa inawasha kufungua. Nikaikalia.

Na hapo, gizani, kabla sijachomeka waya, nikawasikia. Wanalia ndani ya maganda, taratibu, kama mtu anayekuna sahani na ukucha.

Wametoka 128. Wengi siku ya 22, watatu wamengoja mpaka ya 23, ningekuwa nimeshawatupa.

Bi Kanga, nina swali jipya. Mayai ya kanga nataka niyaweke pamoja na ya kuku.


BiKanga

Mashallah. Kanga wanakaa siku 26 mpaka 28, kuku 21. Watangulize kanga kwa wiki moja, kuku wafuate, wote watoke pamoja. Na trei ya kutokea uwatenge, kanga anatoka kama aliyefukuzwa.


Mpemba_Mjini

Vifaranga vya kanga ukishatoa unauza? Nitakuja na dizeli yangu.